Pweza Aliyepigwa Kabla ya Kuwindwa

Juzi nilikuwa nasubiri zamu yangu katika ofisi moja hapa Mji Mkongwe, televisheni ya ukutani ikaanza kuonesha kipindi cha uwindaji. Nikakaa sawa, maana mwindaji wa siku hiyo nilikuwa mimi: nimevaa kofia yenye nembo ya hoteli iliyodhamini kipindi, nimeinama miambani Makunduchi, nachomoa pweza shimoni. Nikageuza uso kidogo ili watu wapate kunifananisha.

Bi mmoja aliyekaa jirani yangu hakuushughulikia uso wangu. Alikuwa akimtazama pweza.

"Huyo kashapigwa," alisema.

"Vipi, bi?"

"Pweza tunampiga chini tukishamtoa, ili alainike. Huyo ndo kwanza anatoka shimoni, na minyiri yote ishalegea. Kampiga nani humo ndani?"

Aliyempiga nnamjua: muuzaji wa soko la Darajani. Wenye kamera hawakuwa na subira ya kungoja pweza wa kweli, basi tukamnunua huyo asubuhi, na mimi mwenyewe nikamsokomeza shimoni. Na mwezi uliopita, kwenye safu hii hii, niliwakemea wanaowauzia wageni mila zetu.

Bi akanitazama, akatazama televisheni, akanitazama tena. Macho yake yakaishia kwenye mikono yangu, ambayo kazi yake ngumu kuliko zote ni kushika kalamu.

"Kumbe, mwanangu," alisema kwa upole, "nyote wawili mlikwenda pwani mshalainika."