Nukta ya Tatu Kwenye Kitako cha Bakuli

Kila chombo cha mama kilikuwa na nukta mbili nyekundu kwenye kitako. Alizitia kwa rangi ya kucha, kwa sababu vyombo vyetu viliazimwa kwenye harusi na misiba ya nusu ya mtaa wetu wa mjini uitwao Kikuyu, na chombo kisicho na alama hakijui njia ya kurudi kwao. Vilikuwa vya udongo, vyeupe, vyenye maua ya buluu, vya aina ambayo madukani siku hizi huioni tena. Melamini imechukua nafasi yake.

Mama alipofariki tulimzika kijijini kwao, Haneti. Vyombo vyake vilipanda gari pamoja nasi kwenda kulisha waombolezaji. Katika misiba mingine yeye ndiye aliyesimama penye beseni la kuoshea, akigeuza kila sahani na kutazama nukta. Katika msiba huu hakuna aliyekumbuka kugeuza. Tulipoanua matanga na kurudi mjini, bakuli kubwa la mchuzi halikuwemo. Kifuniko chake kilikuwemo.

Baba alikiweka kifuniko hicho mezani na hakutaka kirudishwe kabatini. Kila nilipokwenda kumwona, sijamaliza hata kumwamkia, aliuliza, "Limerudi?"

Nilipiga simu Haneti mara nyingi. Halikuonekana.

Nyuma ya nyumba yetu anaishi mwalimu wa sanaa aliyestaafu. Huchonga picha kwenye ubao, akaupaka wino, akaulazia karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Nilikwenda kumwomba anifundishe. Nilitaka kumchapia baba picha ya bakuli lake kabla ya ibada ya mwaka mmoja ya kumkumbuka mama, ili aache kungoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ndiye mwandishi wa habari? Basi ujue mapema: huku hakuna kufuta. Ukishaondoa umeondoa."

Nilijifunza kila Jumamosi. Panapopita patasi pataonekana peupe, panapobaki ubao patashika wino. Picha hutoka imegeuka, kulia kushoto. Nilijikata kidole gumba mara mbili.

Shida haikuwa patasi. Kifuniko kilikuwa na mstari wa buluu tu, na maua ya bakuli lenyewe kila mtu alikuwa na yake. Nilichukua daftari nikauliza, kama ninavyofanya kazini.

"Maua matano, na ndege," alisema mama mdogo.

"Ndege gani?" kaka akadakia. "Mama mdogo, huyo ndege ulimkuta ndani ya mchuzi."

"Nyamaza wewe. Ulikuwa unaangalia nyama, maua ungeyaona saa ngapi?"

Mimi nilikumbuka matatu. Nikachonga matatu, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu.

Baba aliipokea karatasi, akaisogeza dirishani, akaitazama.

"Bakuli zuri," alisema. "La nani?"

Nilifungua daftari kwa mazoea tu, nikaona majina ya watu wote niliowahoji. La baba halikuwepo. Nilikuwa nimemkwepa, nikidhani namhurumia.

"Baba, wewe unalikumbukaje?"

"Maua sikuyatazama mimi. Mimi nilikuwa mshikaji. Nashika bakuli kichwa chini, mama yenu anatia rangi. Siku ya hilo nilicheka, mkono ukatikisika, nukta ya tatu ikadondoka pembeni, karibu na ukingo. Akaniambia, 'Mharibifu wewe! Haya, hili sasa hata likipotea tutalijua.'"

"Upande gani, baba?"

Alinyoosha viganja, akashika hewa, akageuza. "Kushoto."

Ubao wa pili niliuchonga kitako peke yake: duara moja na nukta tatu, ya tatu nikaichora kulia ili itoke kushoto. Karibu ubao wote uliondoka. Mwalimu aliangalia maranda yaliyojaa sakafuni, akaangalia kilichobaki, akanipa wino.

Nilimpelekea baba siku tatu kabla ya ibada. Nilisema shikamoo, akaitikia, na swali lake halikufuata kwa kuwa alikuwa ameshaiona karatasi mkononi mwangu. Aliilaza mezani kando ya kifuniko, akaweka kidole kwenye nukta ya tatu.

"Ndilo," alisema.

Kisha akainuka, akakifuta kifuniko vumbi kwa kiganja, akakirudisha kabatini.