Majani Yaliyopitisha Jua

Jani la soya lililotafunwa na viwavi lina harufu ya ubichi, kama maharage mateke, yale ambayo hayajakauka, yanapomenywa, na mpaka leo harufu hiyo hunirudisha kwenye shamba la mama. Mwaka ule kule Maguu mdogo wangu Fidelis alikuwa amedhoofika hata shati likamning'inia kama limeanikwa, na zahanati wakamwambia mama amtilie soya kwenye uji. Ndipo mama akapanda soya kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya mlimani ambayo mazao huota kwenye kingo zake.

Asubuhi moja, tukipanda kutoka mtoni, mama alisimama ghafla. Mlima wetu ni mkali. Ukitoka chini unaliona shamba likiwa juu ya kichwa chako, na jua liko nyuma ya majani. Kila tundu lililotobolewa na viwavi lilikuwa linawaka. Shamba zima lilionekana kama chekeche. Mama alitua ndoo, akasema polepole, "Fidelis atakula nini?" Sauti ile ilinitisha kuliko viwavi. Kisha akaanza kung'oa soya, ili apande maharage kabla mvua haijakatika, nami nikang'oa nyuma yake, nikihisi kila shina ni kijiko kinachotolewa mdomoni mwa mdogo wangu.

Bibi shamba, afisa kilimo wa kata, alitukuta hapo, akielekea kwenye kahawa ya jirani. Nilimwamkia. Alimuuliza mama kama ameingia katikati ya shamba. Mama alitikisa kichwa. Basi akatuingiza, akachuma majani hapa na pale, ya juu, ya katikati na ya chini ya mmea, akayatandaza kwenye kanga, akatuambia tuinamie tutazame. Matundu yalikuwepo, lakini jani lililobaki lilikuwa kubwa kuliko lililoliwa.

"Mama, hawa wameonja tu, hawajapakua," alisema. "Soya yako haijatoa hata ua, itachipua. Ila ikianza kuweka maganda, wakizidi hivi uniite."

Mama aliacha kung'oa, ila hofu haikuondoka. Kila siku aliingia katikati, akainama, nami nikikodolea macho uso wake badala ya majani, mpaka tulipovuna soya ya uji wa Fidelis.

Sasa mama ni mzee na bado anapanda soya. Akinipigia simu kusema viwavi wameingia, ananieleza alichokagua huku akicheka. Mimi huku mjini sicheki; namsikiliza mpaka aniambie watoto wa Fidelis wameshakula.