Mbegu ya Mama Ukutani

Mdogo wangu wa mwisho tunamwita Mapambo, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Tangu utotoni hawezi kuona kitu kikakaa kilivyo. Aliwahi kupaka rangi banda la kuku, kuku wakahamia mitini. Mama akacheka tu. Kitindamimba huyo, nani amguse?

Mama alipofariki, mimi nilibaki na shamba, yeye akabaki na nyumba. Akaamua kuigeuza mgahawa: tunavyolima hapo nje, wageni wanavila hapa ndani. Wazo zuri, sikatai. Lakini huko kupamba kwake kulitaka kunitoa roho! Milango ya ghala akaifanya meza, ghala langu likabaki wazi. Majembe yangu akayapigilia ukutani. Nikilalamika, ananiambia wageni watataka kuliona shamba. Si watoke nje walione? Liko pale pale!

Nikavumilia, maana damu nzito kuliko maji. Kisha binti yangu akajifungua, ikabidi niende kumhudumia. Niliacha agizo moja tu: yale mahindi mekundu yaliyoning'inia juu ya meko ni mbegu ya mama, hakuna duka linaloiuza, aitunze isiliwe na fukusi. Akaniapia.

Niliporudi nikaingia mgahawani. Ukuta mzima ni mahindi ya mama, yamepangwa safu safu, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikagusa moja, kidole kikateleza.

"Nimeyapaka vanishi, dada," akasema, uso umemjaa furaha. "Fukusi gani atapita hapo?"

Nikamuuliza mengine yako wapi. Hakubakisha hata hindi moja. Aliona vibaya kuyakinga haya na kuyaacha yale yaliwe. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Utampiga?

Nikapukuchua kiasi, nikasugua punje kwa majivu, nyingine kwa mafuta ya taa, kuitoa vanishi, nikazifunga kwenye kitambaa chenye maji. Kila asubuhi nilimkuta yeye keshatangulia kukifunua. Hakuna iliyoota. Zilivimba, zikanuka, basi. Msimu ule nilipanda mbegu ya dukani, kwa hasira, hata mistari ikaenda upogo.

Mgahawa ulipofunguliwa watu walijaa, na kila mmoja anaupiga picha ule ukuta. Mama mmoja akasimama pale muda mrefu. Akasema bibi yake alikuwa akilima mahindi hayo hayo, kwao yamepotea kabisa, akaomba walau punje chache akapande. Mdogo wangu akanigeukia nimsemee, kama ninavyomsemea tangu alipojifunza kutembea.

"Mjibu mwenyewe," nikamwambia.

Akapangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu.

"Ilikuwa mbegu ya mama yetu," akamwambia yule mgeni. "Nimeiua mimi."