Matanga ya Ulimi wa Mama

Mama yangu alibwia ugoro tangu nipate akili, akiulaza chini ya ulimi, upande wa kushoto. Alipotokewa na doa jeupe palepale, lisilofutika hata kwa kitambaa, nilimpeleka hospitali ya Lindi kwa ugomvi. Daktari akamwambia, "Mama, doa hili linaweza kugeuka saratani. Hapa usiweke ugoro tena. Wiki ijayo tukate kinyama kidogo, tukipime."

Mama akatii. Akahamishia ugoro upande wa pili.

Jamani, nilipandwa na hasira, nikamuuliza daktari kasema nini. "Kasema hapa," akanijibu, ananionyesha kwa kidole. "Huku hajagusa." Na kukatwa hataki: wataanza na kinyama, watamaliza na ulimi wote, halafu wakwe zake atawasema kwa ulimi upi?

Nikamwita mtani wetu, fundi baiskeli wa Mingoyo. Kwetu mtani akikuchokoza hukasiriki, na akichukua chako hudai. Alifika asubuhi na kipande cha sanda kisichozidi kidole, akaketi mlangoni, akaangua kilio. "Uwii, ulimi wetu! Nani atatusengenya sasa?" Majirani wakaja mbio wamejitanda kanga, wakidhani kuna msiba kweli. Mmoja kabeba unga. Mtani akaupima ulimi wa mama kwa uzi, eti wachimba kaburi wanasubiri vipimo. Mama alicheka hadi ugoro ukamtoka. Mtani akalinyakua kopo lake, akatia mfukoni. Ndiyo limekwenda hilo.

Wiki iliyofuata mama akakubali mwenyewe, akakatwa kinyama. Siku za kungoja majibu nilimfokea kila mtu, hata kuku. Haikuwa saratani bado. "Mmewahi," daktari akasema. Nikakaa chini kwenye korido, nikalia kama mtoto.

Tukaenda Mingoyo kumshukuru mtani. Alitupokea akicheka, mkono mdomoni. Kopo la mama lilikuwa mezani, limebaki nusu.

"Fungua mdomo," mama akamwambia.

"Acha utani, dada."

"Fungua!"

Akafungua. Kumbe naye amebwia ugoro miaka mingi, kwa siri. Doa lake lilikuwa kubwa kuliko la mama, na katikati kidonda.

Mama akajitanda kanga, akaketi mlangoni. "Uwii, ulimi wetu!" Mtani akacheka, peke yake. Mama alikuwa analia machozi ya kweli.

Mtani akaangalia koleo zake, akazipanga ukutani moja moja. "Basi la Lindi," akauliza, "linapita saa ngapi?"