Manjano kwenye Bafta ya Bibi

Wenzangu mliosoma skuli za mjini enzi zetu, zile za dawati moja watoto watatu na wa katikati ndiye anayekula viwiko, nyinyi ndio nnaotaka kusema nanyi leo. Nyinyi mtanielewa. Hawa wa siku hizi nikiwahadithia wananiitikia kwa adabu, "Ndiyo, Bibi," halafu macho yanarudi kwenye simu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu, Nasra. Juzi kachagua masomo yake ya kidato cha tatu akiwa kalala chali kwenye kochi langu, mguu juu ya mto. Fizikia, kemia, bayolojia, kompyuta, na jengine sijui la viumbe vya baharini na mwani. Nikamwambia hilo la mwani wangeitwa wanawake wa Paje wanaoulima waje kulisomesha, wao ndio maprofesa. Akacheka, akagusa simu mara moja, akagusa mara ya pili, akasema, "Tayari, Bibi." Tayari! Nikamuuliza, na saini ya mzazi inatiwa wapi? Akanambia mama yake keshagusa yake huko huko kazini. Basi, imekwisha hiyo. Nikaenda zangu jikoni kuteleka chai, mtoto wa watu hana kosa lolote.

Enzi zetu sayansi ilikuwa na mlango mwembamba. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya juu, meza mbili za saruji, na mfereji unaotoa maji siku unayotaka wenyewe. Darubini ilikuwa moja. Tulipanga foleni kuitazama, tunasukumana, na kila aliyetoka alisema kaona, kaona vizuri kabisa, kumbe alichokiona ni kope zake mwenyewe. Mimi pia nilisema nimeona. Lakini nakwambieni kweli, harufu ya chumba kile, ya spiriti na chaki na mbao zilizokula chumvi ya bahari, ilinipenda nami nikaipenda. Nilikuwa nikitoka kucheza nage uwanjani, mdomo mwekundu kwa ubuyu, napanda ngazi mbili mbili kwenda kuchungulia dirishani tu.

Kemia alitusomesha Maalim Haji, mtu wa Matemwe, mrefu, shati jeupe, mfukoni chaki nne daima. Alikuwa na maneno yake. Ukimwambia chombo fulani hakipo, alijibu, "Kwenu hakuna jiko?" Kwake yeye kemia yote ilikuwa jikoni kwa mama zetu, maabara ni nyongeza tu.

Tulipomaliza kidato cha pili tukapewa karatasi za kuchagua. Aliyetaka lugha na historia alitia alama akarudisha siku ile ile. Aliyetaka sayansi alihitaji saini mbili, ya Maalim Haji na ya mlezi wake. Na Maalim Haji saini yake hakuitoa bure. Karatasi za litmasi pale maabara, zile za kutambulisha kitu kichachu na kitu chenye ukali wa chokaa, zilikuwa zimekula unyevu mpaka zote zimekuwa rangi moja. Akasema kila anayetaka kuingia sayansi atengeneze za kwake. "Chukueni kitambaa cheupe cha pamba, safi, kisichowahi kutiwa wanga wala buluu ya kufulia. Kichemsheni na manjano, kianikeni kivulini. Alkhamisi nivione hapa."

Manjano kwetu yalikuwepo, tele. Saini ya mlezi ndiyo iliyokuwa mtihani.

Mlezi wangu alikuwa Bibi yangu, mzaa mama. Mama alifariki mimi nna miaka minne. Bibi Zuwena alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti, akikuita kutoka ghorofani, mtaa mzima wanaitika "Naam!" Alisoma Kurani tangu utotoni, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza. Herufi hizi za skuli hakuzijua, na hakuona alichokikosa. Alikula tambuu, na kile kikopo chake cha chokaa ya tambuu hakikumtoka ubavuni.

Nilimpelekea karatasi baada ya chakula cha mchana, nikijua ndio saa yake ya upole. Akauliza masomo hayo ya sayansi yanasomeshwa saa ngapi. Nikamwambia asubuhi, ila siku mbili kwa wiki tutakwenda maabara alasiri.

"Alasiri," akasema. "Na chuoni utakwenda saa ngapi?"

Mnakumbuka alasiri zetu zilivyokuwa: ukitoka skuli unakula, unaoga, unavaa buibui, unakwenda chuoni kwa Bi Mwanaidi na msahafu kifuani. Mimi nilikuwa nimefika juzuu ya ishirini.

"Mama yako nilimuahidi kitandani pake kwamba utahitimu," akasema Bibi. "Sikumuahidi chupa za maabara. Usinitie deni na maiti, mwanangu." Akaikunja karatasi, akaiweka chini ya mkeka wake wa kusalia. Kesi imekwisha.

Nililia siku mbili. Sikulia kwa sauti, nani angethubutu? Nililia nikichambua mchele, nililia nikikuna nazi. Lakini mtoto hakosi ujinga wa matumaini. Nikajisemea, nitengeneze vitambaa vyangu kwanza, saini ya Maalim Haji niipate, huenda Mungu akamlainisha Bibi. Tatizo likawa kitambaa. Nyumba nzima hapakuwa na cheupe kisichotiwa buluu; Bibi kwa buluu alikuwa bingwa, mashuka yetu yaking'aa mpaka yanaumiza macho. Ndipo nikakumbuka sanduku lake.

Lilikuwa sanduku la mbao za msaji, la njumu za shaba, chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kanga mpya zisizokatwa, chupa ya marashi, na chini kabisa, imefungwa kwenye kanga kuukuu, bafta nyeupe. Safi, pamba tupu, haijaonja wanga. Ilikuwa inanukia karafuu maiti, na mimi kwa akili zangu nikadhani imewekewa isiliwe na mende. Nikachukua mkasi, nikakata kwenye ncha kipande cha kiganja na nusu. Nikaikunja vile vile, nikarudisha. Nikakichemsha na manjano, nikakikata vipande vyembamba, nikavitundika kwenye uzi dirishani kwa ndani. Nilijiona mjanja, acha tu.

Siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, Bibi alifungua sanduku kutia karafuu maiti nyengine. Nilikuwa jikoni. Sikusikia kelele, na hilo ndilo lililonitisha, maana Bibi alikuwa na kelele hata akipoteza sindano. Nikachungulia. Kakaa chini, bafta mapajani, ncha iliyokatwa mkononi. Akainua macho, akaviona vile vitambaa vya manjano dirishani.

"Njoo," akasema taratibu. "Unaijua hii ni nini?"

"Bafta, Bibi."

"Hii ni sanda yangu. Kaka yangu aliniletea kutoka Makka, imefuliwa kwa maji ya zamzam."

Wenzangu! Nilikuwa nimeikata nguo ya mwisho ya Bibi yangu, yu hai ananitazama. Nilianguka magotini, nikamshika miguu, nikalia kilio cha msiba hasa. Jirani yetu Bi Tatu akaja mbio akidhani kuna maiti. Alipoelezwa akapiga makofi, "Lahaula! Mtoto huyu angekuwa wangu, leo angelala na kipigo!" Bibi akamwambia, "Si wako. Kaa kitako."

Kisha akanigeukia mimi. "Usinililie miye, sijafa. Nioneshe hicho kilichoila sanda yangu."

Nikavua kitambaa kimoja kwenye uzi. Nikachovya ncha ya kidole kwenye kikopo chake cha chokaa, nikagusisha. Manjano ikageuka nyekundu pale pale, wekundu wa matofali. Bi Tatu akasema, "Uu!" Nikakamua ndimu juu yake. Wekundu ukaondoka, manjano ikarudi.

Nilitegemea Bibi astaajabu. Wapi! Akabetua midomo. "Hili? Hili mbona nalijua tangu kigori? Kanga ikiingia manjano ya bi harusi, ukiipiga sabuni tu inakuwa nyekundu kama ya damu, watu wakadhani mengine. Kwanza ndimu, ndipo sabuni. Waulize wanawake wote wa mji huu." Akakichukua kitambaa, akakipaka chokaa mwenyewe, akakitia ndimu mwenyewe. Akarudia. Akarudia tena. Bi Tatu aliomba na yeye, akanyimwa.

Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo. "Kwa nini inakuwa hivi?"

Nikasema ukweli, maana siku ile sikuwa na nguvu ya kusema jengine. "Sijui, Bibi. Maalim Haji kasema hilo linasomeshwa kidato cha tatu."

Akatafuna tambuu yake. "Miaka yote hii nafua," akasema, si kwangu, kama anaiambia bafta. "Nimemuuliza mama yangu, akanambia ndivyo lilivyo. Nimemuuliza mama mkwe, ndivyo lilivyo. Na mimi nimewaambia wanangu ndivyo lilivyo." Akanyanyuka, akaenda kwenye mkeka wake, akaitoa karatasi. Akanitaka kalamu. Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, mpaka wino ukapita mstari. "Basi nenda ukaniulizie," akasema.

Na chuoni? Jioni ile ile alivaa buibui akaenda kwa Bi Mwanaidi. Wakakubaliana: zile siku mbili za maabara, Kurani nitamsomea Bibi mwenyewe nyumbani, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai. Nilihitimu juzuu zote thelathini mwaka uliofuata, na biriani ya hitima yangu mitaa mitatu walikula. Ahadi ya mama ikatimia, wala hakuna aliyetiwa deni.

Maalim Haji alipoiona ile saini aliitazama muda mrefu, akasema hajaona nzuri kuliko hiyo. Vitambaa vyangu aliviweka kwenye mtungi wa maabara, tukavitumia muhula mzima. Sikumwambia vimetoka wapi. Ningesemaje?

Somo lenyewe lilipokuja nilirudi nyumbani mbio, begi halijashuka begani, nikamkalisha Bibi nikamueleza. Kwamba ndani ya manjano mna kitu chenye umbile lake, kikikutana na chokaa au sabuni kinanyang'anywa kipande chake kidogo, kwa hivyo rangi inabadilika. Ndimu inakirudishia kile kipande, kinakuwa kama zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema, "Kumbe."

Neno hilo moja tu. Nimefanya kazi za maabara za hospitali mpaka nikastaafu, nimepewa vyeti na mikono ya pongezi, lakini sijapata kulipwa kama nilivyolipwa na ile "kumbe" ya Bibi.

Bi Tatu alimshauri anunue bafta nyengine. Alikataa katakata. "Mwili wenyewe ndio huu, kifaranga. Itatosha."

Alikuwa mzee sana alipofariki, nami nishazaa. Nilikuwamo chumbani alipooshwa. Walipoikunjua sanda, muoshaji akaishika ile ncha, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kaikata hii?" Nikasema, "Mimi." Hakuuliza zaidi. Wakamvisha. Ikatosha.

Mungu amrehemu, na Maalim Haji amrehemu, na Bi Tatu pia kwa kelele zake. Nawashukuru wote. Sitaki mnidhanie nawaonea choyo watoto wa leo, hasha. Masomo wanayo tele, darubini kila mtu na yake, litmasi zinakuja ndani ya boksi zimefungwa nailoni. Nafurahi, wallahi. Nasra akitaka kujua kwa nini manjano yanakuwa mekundu, simu itamjibu kabla hajamaliza kuuliza. Ila simu haijawahi kufua kanga ya bi harusi, na ukiieleza jambo haishiki shavu ikasema "kumbe." Sisi tulikosa kila kitu, basi ikabidi tuombane: tuombane vitambaa, tuombane ruhusa, tuombane majibu. Hawa hawahitaji kumkatia mtu chochote.

Na mimi sasa nimefika umri wa kuwa na bafta yangu. Nimeiweka kwenye sanduku lile lile la Bibi, chini kabisa. Juzi Nasra alipokwenda zake niliitoa nikaitazama. Ncha zake nne zote nzima. Nikaikunja, nikairudisha pahala pake, nikachukua mkasi nikauweka juu yake, na sanduku nikaliacha bila kufuli.