Kaseti Ambayo Volkano Haikuila

Hapa Goma volkano imesingiziwa mengi. Diploma ambazo wenyewe hawakuwahi kuzipata, zote ziliungua. Barua za shamba, sahani za mkwe, cheti cha ubatizo cha mutu ambaye hakuwahi kubatizwa: moto ulipita, moto ulichukua, nani atabisha? Nimewacheka watu wa namna hiyo miaka mingi, tena kwa sauti. Nilicheka ili mimi nisitazamwe. Maana nami nina kitu changu nilichosema kimeliwa na volkano, na wakati wote huo kilikuwa ndani ya sanduku langu la nguo, chini ya vitenge, hakina hata alama ya moshi.

Ni kaseti. Niseme kwanza ni ya nani.

Yule mwanamuziki aliyekufa mwaka huu, aliyeliliwa na vijana mpaka barabara ikajaa, mimi nilimjua kabla hajawa mutu wa kuliliwa. Tuliimba pamoja kwenye korali ya parokia yetu ya Mabanga, mimi bado niko kwenye masomo, yeye kanizidi miaka miwili. Ndiye wa kwanza hapa kwetu kumwimbia Yesu kwa roki. Gitare yake ilinguruma kama mashine ya kusaga muhogo, naye akiimba alikuwa akikanyaga chini kwa mguu hadi vumbi linaruka. Wamama wa Rozari walitoka wameziba masikio. Baba yake alisema akiikuta gitare ile nyumbani ataipasua kuni. Padri alikuwa mpole, alimwomba tu aende kumtukuza Mungu nje ya uzio.

Basi tukaenda nje ya uzio. Jumamosi moja tuliingia katika darasa tupu, tukaweka radio-kaseti juu ya dawati, tukarekodi nyimbo zake. Mimi niliitikia. Kaseti mpya hatukuwa nayo, tulitumia ya mahubiri ya padri ambayo upande wake mmoja ulikuwa mtupu. Alipomaliza, alivunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti. Kikivunjika kile, radio haikubali tena kurekodi juu ya upande huo. Kisha akanipa mimi.

"Weka kwenu," alisema. "Kwetu papa ataivunja. Na iko moja tu, unasikia? Iko moja tu."

Mjomba wake, mchuuzi wa Bunagana, ndiye angeivusha kwenda Uganda ikatolewe kopi. Tulikuwa tunamngoja arudi.

Nilikaa nayo wiki tatu hivi. Na wiki hizo nilikuwa na wazimu wangu: kijana mmoja wa Munigi, mwenye baiskeli nyekundu, aliyekuwa akishusha viazi sokoni. Alikuwa hata hanioni. Enzi hizo ukitaka mutu ajue moyo wako, unamtumia salamu za radio. Unaandika kikaratasi, unakipeleka kituoni, na Jumapili mchana mtangazaji anakisoma, mji mzima unasikia. Mimi niliandika: musichana wa Mabanga mwenye sauti nyembamba anamsalimu kijana wa Munigi mwenye baiskeli nyekundu, na anauliza mbona hapiti tena kwa njia ya parokia. Nilijiona mjanja ajabu.

Jumapili ikafika. Salamu zikaanza kusomwa, nami nikashikwa na tamaa ya kuyaweka maneno yangu yale, niwe ninayasikiliza kila nikitaka. Kaseti nyingine nyumbani haikuwepo. Nikaitoa ile.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo haya yangu ilipo. Upande wa pili ulikuwa na mahubiri ya padri, na plastiki yake ilikuwa nzima, ningebonyeza tu na kurekodi. Niliugeuza. Niliufikiria. Nikaogopa. Nilijiambia kufuta maneno ya padri ni dhambi. Nikaurudisha upande wa rafiki yangu, nikachukua karatasi ya biskuti, nikaikunja mara nne, nikaijaza pale alipovunja plastiki, nikaisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikakaza. Mutu asije akaniambia ilikuwa bahati mbaya. Kuna bahati mbaya gani inayokunja karatasi mara nne?

Sikujua salamu yangu itasomwa saa ngapi, kwa hiyo niliiacha kaseti izunguke. Zikapita salamu za wachuuzi, za mashemeji, za mutu wa Bukavu anayetafuta mbuzi wake. Yangu ilikuja karibu mwisho. Mara tu mtangazaji alipoimaliza, nilizima kwa furaha. Cha rafiki yangu kilichobaki kilikuwa mkia wa wimbo wa mwisho, kadiri ya kusema Baba Yetu mbio mbio mpaka mkate wetu wa kila siku.

Nilijua nimefanya nini. Nilijua siku ileile. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwambia, volkano ikatoka.

Wenye kuiona ile siku hawahitaji nieleze, na wengine hata nikieleza hawataamini. Nyumba yetu ilipona. Butike ya shangazi yangu, kule katikati ya mji, ilizikwa na paa lake. Sisi tulikimbilia njia ya Sake, na siku ya tatu rafiki yangu akatukuta pale, viatu vimeyeyuka soli, anatafuta watu wake na wa wenzake. Aliuliza kwanza kama sote tuko hai. Ndipo akauliza habari ya kaseti.

"Nilikuwa nimeificha butike kwa shangazi," nilimwambia.

Ilitoka mdomoni laini, bila kukwama. Alikaa juu ya jiwe, kisha akanipa pole. Yeye kunipa pole mimi! "Wacha kulia, dada," alisema. "Labda Mungu alitaka kuisikiliza peke yake." Nililia zaidi, na yeye akafikiri ni huruma.

Neno lile la Mungu kusikiliza peke yake alilipenda, akawa analisema kwenye kila konseri. Aliondoka Mabanga, akapata bendi, akapata jina, na roki yake ambayo wamama waliikimbia ikajaza viwanja. Zile nyimbo alizirekodi upya, kila mutu anazijua. Ila sauti haikurudi. Kwa miaka alipigia kelele vipaza sauti vibovu mpaka koo likakwaruza, na mashabiki wakapenda ule ukwaruzo wakidhani alizaliwa nao. Katikati ya konseri alikuwa akinyamazisha ngoma, anasema: sauti yangu ya kwanza iko wapi? Uwanja mzima unaitika: motoni! Kisha ananinyooshea kidole pale mbele, dada aliyeitunza kaseti, na mimi ninasimama, ninapigiwa makofi. Jamani, nilisimama. Kila mara nilisimama na kupunga mkono.

Siku moja nilikwenda mpaka mlangoni kwake nimwambie. Nilisikia anacheka na watoto wake ndani. Nikajisemea, leo ana furaha, nitamharibia. Nikarudi. Nilikuwa mwoga, si jambo jingine.

Mwaka huu sukari ikamlaza, na siku ya nne tukaambiwa amekwenda.

Matanga yake sijapata kuona mfano wake. Chini ya turubai moja, jeneza likiwa katikati, upande huu ndugu zake waliotoka upande wa Butembo wanasali Rozari, upande ule mashabiki wana gitare zao, wanangoja zamu. Vijana wenye hereni na buti nzito walikuwa wakipiga magoti kuwapa wakwe chai. Wote walivaa tisheti nyeusi, mgongoni zimeandikwa: SAUTI YA KWANZA ILIENDA NA MOTO. Walinivalisha na mimi moja. Wakanipa kiti cha mbele, karibu na godoro alipokaa mama wa marehemu.

Mama yule macho yake yameshaisha. Alikuwa akiishi kwa mwanawe tangu vita vilipoharibu njia ya kijijini kwao. Tangu jana alikuwa amekaa pale, spika zikimpigia mwanawe masikioni. Mchana akainua mkono, wakapunguza sauti.

"Huyu anayelia hivi kama mutu amekabwa," aliuliza, "njo mutoto wangu?"

"Njo yeye, koko," akajibu mkubwa wa mashabiki, kijana mpana mwenye ndevu, akimwita kama bibi yake mwenyewe.

"Miye nilimuzaa na sauti ingine. Alikuwa ananiitaka kutoka ng'ambo ya shamba, ninamusikia. Ile sauti imenipotea. Nimekaa hapa tangu jana ninaitafuta kichwani, haikuje. Hakuna mwenye kuwa nayo, ata kadogo?"

Kijana akapiga magoti mbele yake. "Koko, ile ilikwenda na volkano. Mama wa kaseti huyu hapa, atakushuhudia." Wote wakanigeukia. Wengine walishaweka simu tayari, wanirekodi nikisimulia.

Yule mama akanyoosha mkono hewani, akitafuta niliko. "Ni kweli, mutoto wangu? Haikubakia kitu?"

Ilikuwa rahisi sana. Ningesema ndiyo, tungelia pamoja, na mambo yangeishia pale. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Ningojee, mama," nilisema.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani. Dereva nilimgombeza kwamba anakwenda polepole, kisha nikamgombeza kwamba anakimbia. Nilifungua sanduku, nikatupa vitenge chini, nikaichukua. Karatasi ya biskuti ilikuwa bado imekaza palepale. Niliporudi, mama mmoja wa Rozari alikuwa na radio-kaseti yake ya zamani ya kusikilizia sala, nikamwomba. Watu wakasogea.

"Haikuungua," nilisema. Nilisema kwa sauti, nisije nikapata nafasi ya kurudi nyuma. "Volkano haikuigusa. Niliifuta mimi, kwa mikono yangu, nikarekodi salamu za radio juu yake. Nikamdanganya yeye, nikawadanganya ninyi wote."

Halafu mkubwa wa mashabiki akatikisa kichwa. "Bongo, ni uongo," alisema. "Mama amechanganyikiwa na kilio." Miaka yote niliyodanganya hakuna aliyeniita mwongo. Siku niliyosema kweli, ndiyo niliyoitwa.

Sikubishana naye. Nilibonyeza.

Ikaanza salamu. Sikuweza kuiruka, mashine ile ikirudisha mkanda iliruka nyuma kwa kishindo mpaka mwanzo wa salamu yangu, haina kupima. Mtangazaji akasoma mbele ya maiti na ukoo mzima: musichana wa Mabanga mwenye sauti nyembamba anamsalimu kijana wa Munigi mwenye baiskeli nyekundu. Mutu nyuma akaguna kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hapa kwetu inapasuka kweli, lakini siku hiyo ilitulia. Salamu ikaisha, kikasikika kishindo cha kitufe, na yeye akaingia.

Yesu wangu. Sauti ilikuwa safi, ya kijana ambaye hajapigia kelele kitu chochote bado. Maneno machache, gitare ikinguruma nyuma, mguu ukikanyaga sakafu ya darasa, na mimi nikiitikia kwa mbali. Kisha alicheka, akasema, "Zima, zima," ikaisha.

Mashabiki walikuwa wanalia kama watoto. Mkubwa wao alikaa chini na tisheti yake, ameshika kichwa. Mama hakulia. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya ile mashine.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Ikaanza tena salamu, baiskeli nyekundu, njia ya parokia, kisha yeye, kisha zima, zima. Rudisha. Nikarudisha. Sikumbuki mara ngapi. Kila mara ili mama afike kwa mwanawe ilibidi apitie kwangu, na kila mara alingoja kwa uvumilivu, mikono mapajani, nimalize kumsalimu kijana wa Munigi. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana.

Mwishowe akaweka mkono juu ya wangu kabla sijabonyeza.

"Huyu musichana wa salamu, njo nani?"

"Njo miye, mama."

"Ulikuwa unamupenda huyo kijana?"

"Sana, mama."

Akafikiri. Aliuliza bila hasira, kama mutu anayetaka kujua habari yote.

"Na yeye alikusikia?"

Sikuwa nimewahi kumwambia mutu. Nilikuwa nimemuuliza yule kijana mwenyewe sokoni, siku mbili tu baada ya salamu, mbele ya magunia yake.

"Hapana, mama," nilisema. "Radio yao haikuwa na betri."

Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya wangu, nao ulikuwa mkavu na mwepesi. Kisha akauondoa.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha.