Sababu ya Safari

Mke wangu ndiye aliyeitaja Uganda. Mimi nilikuwa nimeitaja Malindi, tena kwa mzaha, kwa kuwa Landrova kuukuu niliyoinunua mnadani ilikuwa imewaka siku tatu mfululizo bila kusukumwa, na nilikuwa natafuta pa kujisifia. Ilikuwa Ramadhani, mwaka wa tatu wa vita, nasi tulikuwa tumeketi mkekani uani kwetu Garissa tukisubiri adhana ya magharibi. Njaa ilikuwa imenilegeza ulimi.

"Wewe ni mwalimu wa jiografia," akasema. "Nitajie nchi iliyo karibu ambayo watu wetu hawajaikimbilia."

Nikazipitia kichwani. Ethiopia walikimbilia, Somalia ndiyo usiseme. Nikamjibu kuwa labda Uganda.

"Basi tukaizunguke hiyo. Polepole, mpaka tuchoke kuitazama."

Nilicheka. Yeye alichukua tende, akaipangusa vumbi, akangoja adhana bila kucheka.

Asiyekuwako siku zile hawezi kujua alikuwa ameomba nini. Vita vya sisi Wasomali kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimeifanya Garissa kuwa mji wa kuomba ruhusa. Jua likizama, kila mtu ndani. Na kuuvuka mto Tana kwenda upande wa pili, upande ambao sisi tuliuita Kenya kana kwamba tulikuwa kwingine, kulihitaji kibali cha serikali. Fomu yenyewe haikuwa ndefu: jina, gari na mizigo, uendako, siku utakazokaa. Mstari wa mwisho uliandikwa "sababu ya safari", na huo ndio uliokuwa ukiwarudisha watu majumbani. Sababu zilizokubalika zilijulikana mji mzima: ugonjwa, msiba, biashara, kesi. Starehe haikuwamo.

Nikamweleza hayo yote kwa sauti yangu ya darasani. Akaniacha nimalize.

"Mimi nimehama tangu nizaliwe," akasema. Wazazi wake walikuwa wafuga ngamia upande wa Wajir, na utoto wake wote aliumaliza nyuma ya ngamia hao. "Ukame ukitufukuza, tunahama. Kisima kikikauka, tunahama. Vita vikaja, tukahama tena, nikafika hapa, ukanioa. Sijawahi kwenda mahali kwa sababu tu nimependa kwenda. Hata mara moja."

Nilikuwa nimeishi naye miaka miwili na hilo sikuwa nalijua. Niliona haya. Nikamwambia tutakwenda likizo ya Aprili, kisha nikajuta papo hapo, maana yeye si mtu wa kusahau alichoahidiwa.

Kesho yake nilileta atlasi ya shule na kipande cha uzi, nikapima njia kutoka Garissa hadi Kampala kwa madaha makubwa. Aliitazama ramani kwa muda, akaniuliza visima viko wapi. Nikamwambia ramani ile haionyeshi visima. Akauliza katika kila doa jeusi tunamjua nani. Nikasema hilo pia halionyeshwi.

"Sasa inaonyesha nini?" akauliza, na jibu la kumridhisha sijalipata hadi leo.

Akapanga yake. Kila tulipofuturu alizikusanya kokwa za tende, akaziosha, akazipanga mkekani, kokwa moja kwa kila kituo. Kwao familia haihami kabla ya kumtuma sahan, yaani mtu wa kutangulia kutazama maji, malisho na majirani. Sisi hatukuwa na wa kumtuma, kwa hiyo akawafanya madereva wa malori kuwa sahan wake. Kila msafara ulipoingia kutoka ng'ambo ukisindikizwa na askari, alikwenda sokoni kuwahoji. Nakuru kuna muuza nyama wa kwetu? Eldoret nani hupokea wageni? Njia ya Mbale mvua ikinyesha inapitika? Alirudi na habari ambazo atlasi yangu ilikuwa haina. Muuza nyama wa Nakuru alikuwa binamu ya jirani yetu. Tororo palikuwa na mama Msomali mwenye mkahawa. Kokwa zikaongezeka. Zilipanda kutoka Tororo kwenda Mbale, Soroti na Gulu, zikashuka Masindi na Fort Portal, zikarudi kupitia Kampala na Jinja, na ilibidi tule kwenye kona ya mkeka ili tusiivuruge Uganda.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila siku ya mwendo ifuatwe na siku ya kukaa, kama walivyofanya kwao walipokuwa na ndama wachanga. La pili, tubebe maji, madebe sita. Nikamwambia Uganda ina ziwa ambalo ukisimama ufukoni huoni ng'ambo.

"Umeyaonja maji yake?"

"Sijayaonja."

"Basi tunabeba yetu."

Tuligombana juu ya madebe hayo siku mbili nzima. Mimi nilikuwa na elimu, yeye alikuwa na uhakika, na madebe yakanunuliwa.

Kisha nikafanya jambo la kunifedhehesha. Baada ya Idi niliichukua fomu peke yangu, na kwenye mstari wa mwisho nikaandika "matibabu ya mke". Sikumwambia. Kila mtu aliandika hivyo, nikajipa moyo, na serikali yenyewe inajua. Sikumkumbuka karani. Karani alikuwa mtu wetu, tukiswali msikiti mmoja, na alipoisoma fomu aliingiwa na huruma. Akaja nyumbani kwangu nayo mkononi, mimi nikiwa shuleni, akamuuliza mke wangu anaumwa nini ili wamwombee dua.

Nilirudi nikamkuta ameketi, fomu mapajani. Kusoma hakujua, lakini alikuwa ameuwekea kidole mstari ule ule.

"Nimetembezwa na ukame, nimetembezwa na vita," akasema. "Sasa wewe unataka nitembezwe na maradhi ambayo sina."

Akaikunja fomu, akaitia jikoni chini ya birika. Chai ya jioni ile ilichemshwa na uongo wangu, na niliinywa yote.

Fomu ya pili aliisimamia mwenyewe. Nikaandika "matembezi", na mwandiko ukanitoka mbaya kuliko wa wanafunzi wangu. Karani aliisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalim, wallahi hii ofisi haijaona kitu namna hii. Watu inakufa, wewe natembea?"

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilikuwa nimejiuliza vivyo hivyo. Nilimpelekea mke wangu. Akasema waliokufa hawatafufuka yeye akikaa ndani, na kwamba fomu iende hivyo hivyo. Ikaenda. Siku ya tatu tukaitwa kwa ofisa wa vibali, sote wawili.

Ofisa alikuwa mtu wa kutoka ng'ambo ya mto, mrefu, sare yake imepigwa pasi hata mikunjo ilikata. Alitupa viti akaisoma fomu bila haraka. Mimi niliisoma pamoja naye kwa macho yake: Landrova, mwezi mzima, kuvuka mpaka, maji ya kutosha kikosi kizima, na sababu hakuna. Ningekuwa yeye ningetuweka ndani.

"Mnakwenda kutembea," akasema. "Wakati kama huu."

Ulimi wangu ulikwisha kushika neno "matibabu". Mke wangu akanitangulia. Nyumbani tulizungumza Kisomali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, "p" ikitoka "b" na "v" ikitoka "f", wala hakukionea haya hata kidogo.

"Mimi si mgonjwa, bwana mkubwa. Sina maiti, sina kesi, sina biashara. Nataka kutembea. Ngoja naonyesha wewe."

Akafungua ncha ya mtandio wake, akazimwaga kokwa za tende juu ya meza ya serikali, nyingine zikapanda juu ya mafaili. Akazipanga moja moja.

"Hii ni Garissa. Haba nafuka mto, naingia Kenya."

Karani aliyesimama mlangoni akaangalia viatu vyake. Watu walikuwa wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Unaingia Kenya," ofisa akarudia taratibu. "Na hapa tulipo ni wapi?"

"Huku ni kwetu," mke wangu akasema, akimtazama machoni. "Wewe kwenu naita nchi? Habana. Nasema kwetu."

Ofisa akatazama kokwa, akamtazama mke wangu, akarudi kwenye kokwa.

"Endelea," akasema.

Akaendelea. Akamwonyesha Thika, akamwonyesha muuza nyama wa Nakuru na binamu yake, akamtajia anayetupokea Eldoret na idadi ya watoto wake. Nilimsikiliza kama mara ya kwanza. Kwa majuma yale yote nilidhani mke wangu anacheza na kokwa. Pale mezani niliona kwamba hakuna ofisa wala mwalimu aliyewahi kuipanga safari hivyo. Nilijivuna hata nikasahau kuogopa.

Akafika Bungoma, akasita. "Haba sina mtu. Haba nalala kwa gari."

"Kwa nini mlale garini?" Ofisa alikuwa ameinama juu ya meza. Alinyoosha kidole, akaisogeza ile kokwa kidogo upande wa mpakani. "Msilale mjini. Piteni soko, mtaona kanisa la matofali, baada ya kanisa kuna nyumba ya mabati yenye migomba mbele. Hapo ni kwetu."

Neno lilikwisha kumtoka. Alilisikia mwenyewe, nikaona alivyolisikia. Mke wangu alikuwa na adabu ya kutosha kumwachia neno hilo.

"Mama yangu yuko hapo," akasema baadaye. "Ana ng'ombe wawili, maziwa hamtakosa."

"Wawili tu?" Mke wangu alisikitika kutoka moyoni. "Bole sana, bwana mkubwa. Ilikuwa ukame?"

Ofisa akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia na kujifuta macho, na karani naye mlangoni akapata ruhusa ya kucheka. "Hapana, mama," akasema. "Si ukame. Ndio tulio nao." Kisha akatulia, akasema kwamba hajafika nyumbani mwaka wa pili sasa, na hakuna anayemwuliza kama angependa kwenda.

Akavuta fomu. Akausoma mstari wa mwisho kwa sauti, "Matembezi", akagonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea. Mke wangu aliokota kokwa zake zote, akaacha ile ya Bungoma mezani.

Aprili tulitoka na msafara wa malori. Askari wa kizuizini mtoni alikisoma kibali, akakisoma tena, akamwita mwenzake aje aone. "Kutembea tu?" akauliza. "Kutembea tu," nikamjibu, na safari hii neno "matibabu" halikunijia. Nilivuka Tana nikipiga honi bila sababu yoyote. Dereva wa lori la mbele alidhani nina hitilafu, akasimama, na msafara mzima ukasimama kwa ajili ya furaha yangu. Nilitukanwa kwa lugha tatu na sikujali hata moja.

Nyumba ya mabati tuliiona siku kadhaa baadaye, migomba mbele, ng'ombe wawili nyuma. Mama wa ofisa alitulaza siku mbili. Mke wangu alimweleza kwamba mwanawe anakula vizuri, halafu akawakagua ng'ombe kwa makini, akasema ni wawili lakini ni wazuri.

Mpakani, ofisa wa Uganda aliandika namba ya gari, akachungulia nyuma.

"Madebe yana nini?"

"Maji," nikasema.

"Mnaleta maji Uganda?" Akatikisa kichwa akicheka, akainua kizuizi, akatupungia mkono tupite.

Mke wangu hakuniruhusu kutia gia. Alikuwa ameketi wima tangu asubuhi, kibali mkononi, akisubiri swali, na swali halikuja. Akashuka, akamfuata yule ofisa mpaka mezani kwake.

"Hujauliza sababu," akamwambia.

"Sababu ya nini, mama?"

"Ya safari."

Yule bwana alimtazama asielewe. "Huku hatuulizi."

"Uliza."

Akaiona ile karatasi yenye mihuri miwili, akauona uso uliokuwa nyuma yake. Akaweka kalamu chini.

"Haya, mama. Mmekuja Uganda kufanya nini?"

"Nakuja kutembea," akasema.

Akarudi garini, akafunga mlango, akaniambia kwa Kisomali niendeshe polepole.